Bendera Nje ya Chumba cha Mtihani

Mgeni rasmi, Profesa Gorm Thrane, Naibu Mkuu wa Kitivo. Wenzetu wa ofisi ya elimu. Na ninyi nyote mliokatisha chakula cha mchana kuja hapa:

Kelele ulizozisikia ulipokuwa unatundika koti lako la mvua pale mlangoni zilikuwa zetu. Tulikuwa tunagombana. Tungeweza kukuambia tulikuwa tunapanga viti, lakini umesikia kwa masikio yako, kwa hiyo tunaanzia hapo hapo. Haya ya mwanzo tumeyaongeza kwa kalamu sasa hivi, pembeni ya ukurasa uliochapwa, na msomaji wetu anaomba radhi akikwama kwenye mwandiko.

Tyra Bisgaard, mwalimu mpya wa famasia, alikuwa ameikamata risala hii kwa mikono miwili na hataki kuiachia.

"Ukurasa wa tatu utoke," alisema. "Mnanianika mbele ya mtu anayeamua kama mkataba wangu utaendelea."

"Tukiutoa huo kinabaki nini?" Jeppe alimjibu. Jeppe ni mwalimu mpya pia, wa elimu ya udongo. "Asante kwa kuja, karibu mkate na samaki? Dada yangu, hiyo siyo risala, hiyo ni menyu."

"Basi yasomwe ya kwako. Isomwe ulivyolia baada ya darasa lako la kwanza."

"Sikulia. Nilikuwa na mafua."

"Mafua ya macho."

Watu walicheka, lakini Tyra hakucheka. Alisema anapiga simu sasa hivi, aseme tumbo linamuuma, mtihani anaotahini mchana wa leo uahirishwe. Jeppe akamwambia aache mambo ya kitoto. "Mpe huyo mwanafunzi sifuri-mbili, unywe kahawa, urudi nyumbani. Ni alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nani atajua?"

Jeppe alisema kwa utani. Tunamfahamu. Ila Tyra aliiweka risala mezani, akainyoosha kwa kiganja, akasema, "Ukishaweza kusema hivyo hata kwa mzaha, basi isomwe. Isomwe na jina langu."

Hapo ndipo ulipobisha hodi.

KARIBU

Karibu sana katika chumba hiki cha mafunzo ya ufundishaji. Tunajua ratiba yako imejaa. Tunajua pia kwamba hukuja kutusikiliza tu, umekuja kukifunga chumba hiki kwa heshima, kwa sababu kuanzia Septemba mafunzo yetu yote yatakuwa ya video, na kila mmoja atayatazama mezani kwake kwa wakati wake. Mkate upo, kahawa ipo. Kula wakati tunasoma, hatutaona ni utovu wa adabu.

TULIKOTOKA

Sisi ni walimu wapya tulioajiriwa mwaka huu kutoka idara mbalimbali: famasia, udongo, sheria, historia, hesabu. Tuliajiriwa kwa sababu ya utafiti wetu. Hakuna aliyetuuliza kama tumewahi kusimama mbele ya watu ishirini wenye usingizi tukawafundisha jambo.

Wakongwe wanatusimulia kwamba zamani mwalimu mpya alipewa ufunguo wa ofisi na ratiba, basi. Alijifunza kwa kuwaharibia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wale wa mwaka wa pili wakamkuta ana afadhali. Baadaye ndipo chuo kikaanzisha mafunzo haya ya mwaka mzima, chini ya mkufunzi mmoja, Vibeke Kjær. Unamfahamu. Amestaafu Pasaka hii, na nafasi yake haikutangazwa.

Vibeke hakuwa mpole. Alikuwa anaketi nyuma ya darasa lako na sweta lake la kijivu, hasemi kitu, halafu mkitoka anakuuliza swali moja tu: "Yule msichana wa dirishani alielewa nini leo?" Kama hujui, unarudi wiki ijayo ukiwa umejua.

TULIYOYAPATA

Tumejifunza kuuliza swali na kunyamaza. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Mwanzoni tulikuwa tunauliza na kujijibu wenyewe kwa pumzi moja, kwa kuogopa ukimya, na wanafunzi walikuwa wameshagundua kwamba wakivumilia kidogo mwalimu atafanya kazi yote peke yake.

Tumejifunza kuketi katika madarasa ya wenzetu na kuwaambia ukweli. Mwenzetu wa sheria aliambiwa anaongea na skrini. Alinuna kutwa nzima, kisha akaigeuza meza. Jeppe alikuwa anafundisha kila alichokijua. Sasa anafundisha nusu, na wanafunzi wake wameanza kukaa hadi mwisho.

Tunayasema haya kwa ufupi kwa sababu siyo yaliyotunyima usingizi.

YANAYOTUTISHA

Mgeni rasmi, ulipokuwa unakuja hapa umepita korido ya ghorofa ya pili. Tunadhani umewaona. Kuna bibi mmoja kwenye kiti cha kukunja alichokileta mwenyewe, kuna mama na baba, kuna dada mwenye mtoto mgongoni. Wana thamosi ya kahawa, wana keki ya lozi ya pete juu ya pete, na vibendera vyetu vyekundu vyenye msalaba mweupe vimechomekwa mpaka kwenye keki. Labda umewaamkia na wao wakakutabasamia. Wanamsubiri kijana wao anayeingia mtihani wa mdomo saa saba.

Sote tumekulia katika desturi hiyo. Sote tumetoka katika chumba kama hicho tukakuta mama zetu wanapunga bendera. Ni desturi nzuri na hatuombi ifutwe. Ila hakuna aliyewahi kutuambia inavyosikika ukiwa umekaa upande wa pili wa meza.

Tyra alijua siku ya zoezi la korido.

Vibeke alikuwa na zoezi hilo kila mwaka. Anatandika kitambaa cha kijani mezani kama siku ya mtihani yenyewe. Mmoja wetu anakuwa mtahini, mmoja mtahini wa nje, mmoja mwanafunzi, na waliobaki wanatumwa korido kuwa familia. Februari ilikuwa zamu ya Tyra kutahini. Jeppe alikuwa mwanafunzi, na kwa kuwa hajui lolote la famasia, Vibeke alimpa majibu ayashike kichwani, mengine sahihi, mengine ya hatari. Sisi familia tulipewa bendera na tukaambiwa tufurahi.

Tyra aliingia kwa utani kama sisi sote. Alimuuliza Jeppe kuhusu mtoto wa kilo kumi aliyefanyiwa upasuaji, apewe kiasi gani cha dawa ya maumivu makali. Jeppe akataja kiasi ambacho ni mara kumi ya kinachotakiwa. Alikitaja kwa kujiamini, kama alivyoelekezwa.

Tyra alikisikia. Anasema alikisikia vizuri. Wakati huo huo sisi korido tukaanza kuimba. Hatukupanga, mwenzetu wa historia ndiye aliyeanzisha. Tyra akautazama mlango, akaona vivuli vyetu kwenye kioo cha ukungu, na vivuli vya bendera. Anasema kitu ndani yake kilikuwa kinatafuta njia ya kutokea, na njia ilikuwa moja tu.

"Unamaanisha sehemu ya kumi ya hicho," alimwambia Jeppe. "Siyo?"

"Ndiyo," Jeppe akasema. "Hicho hicho."

"Vizuri," akasema Tyra, na akaendelea na swali jingine.

Walipokaa kukubaliana alama, alimpa nne. Siyo hata sifuri-mbili, nne, iliyo juu yake. Alitoa sababu, na zilikuwa sababu nzuri zilizopangika. Jeppe akatoka, tukapunga bendera, tukamkumbatia, tukala keki ya dukani. Vibeke alituacha tumalize. Kisha akaja akasimama karibu na Tyra.

"Yule mtoto sasa yuko wapi?" akamuuliza.

"Mtoto gani?"

"Wa kilo kumi."

Sisi tuliokuwa korido hatukujua wanazungumza nini, lakini tuliziweka bendera chini.

Mgeni rasmi, hii siyo habari ya mwalimu mmoja dhaifu. Sote tulipita zoezi hilo na wengi wetu tulifanya vile vile, kila mtu kwa namna yake. Mwenzetu wa hesabu alimtolea mwanafunzi jibu zima kisha akampongeza kwa kulijua. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa historia akipewa alama asiyostahili, kitabu kimoja kitakuwa kibaya. Mwanafunzi wa Tyra anakwenda kusimama kwenye kaunta ya dawa, na mama atakuja na mtoto mwenye homa, na ataamini anachoambiwa. Sisi wenye watoto tunajua jinsi unavyoipokea ile chupa. Husomi mara mbili. Unamfungua mtoto mdomo.

Leo Tyra anatahini kwa mara ya kwanza kweli. Anayeingia saa saba anaingia kwa mara ya tatu, na kanuni unaijua kuliko sisi: hakuna ya nne bila kibali maalumu. Jina lake halimo humu na hatutalitaja. Huenda akajibu vizuri kuliko wote, na tunamwombea iwe hivyo. Hatumwogopi yeye.

Tunachokiogopa Tyra alitueleza wiki hii jikoni, huku anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari. Alisema, "Nikikaa pale na kusikia wale wanacheka nje, naweza kumpa kwa sababu ya bibi yake. Halafu nitajua kwamba naweza, nitajikaza, nitamnyima kwa sababu ya bibi yake. Vyovyote vile sitakuwa nimemsikia yeye hata neno moja."

Jeppe alimuuliza, "Na yule mtahini wa nje je? Si yupo?"

"Gudrun? Gudrun ni mfamasia wa miaka mingi, na ni mtu wa haki. Atanitazama mimi aone mwalimu wa kijana anasemaje. Nikiyumba, atadhani kuna kitu nakijua kuhusu kijana huyu ambacho yeye hakijui."

Hadi Pasaka mtu wa kumpelekea hofu hii alikuwepo. Vibeke alikuwa anaingia na mwalimu mpya katika mtihani wake wa kwanza. Anaketi ukutani kama msikilizaji, kwa sababu mitihani yetu ya mdomo iko wazi na yeyote anaweza kusikiliza mwanafunzi asipokataa. Wakati wa kukubaliana alama anabaki, kwa ruhusa ya kitivo, na hasemi lolote. Walioanza kabla yetu wanasema ilitosha kumwona amekaa. Unajua kuna mtu mmoja chumbani ambaye anamsikiliza mwanafunzi na hasikilizi mlango, na wewe unamwiga.

Na alifanya jambo jingine ambalo halikuandikwa katika kazi zake popote. Alama ikiwa mbaya, alikuwa anatoka yeye kwanza, kabla mwanafunzi hajaitwa ndani. Anaiendea familia, anawaambia, "Njooni jikoni kwangu, hapa kuna upepo," na wanakwenda na keki yao na bendera zao. Hawaambii lolote la matokeo. Kijana akitoka na uso wake vile ulivyo anaikuta korido tupu, anapata pa kuvutia pumzi kabla ya kukutana na watu wake. Mwalimu mpya naye anaweza kusema neno gumu kwa sauti ya kawaida, kwa sababu nyuma ya mlango hakuna anayengoja kushangilia.

Vibeke alipoondoka, hakuna aliyejua kwamba hilo nalo limeondoka.

Tumezitazama video, mgeni rasmi. Tumezitazama zote na kubonyeza majibu, na kila mmoja wetu amepata alama kamili. Tyra naye amepata alama kamili. Kuna video ya mtihani wa mdomo. Ina mwanga mzuri, wanafunzi wake wote wamejiandaa, na mlango wake haupitishi sauti.

Tunaogopa kusema haya. Mikataba yetu mingi inakwisha mwakani, na wewe ndiye utakayetia sahihi au usitie. Tumejadiliana kama ni busara kumwambia bosi kwamba mtu wake mmoja alimpa nne mwanafunzi aliyemuua mtoto wa kwenye karatasi. Lakini tulipima hofu mbili. Hii ya mkataba ni kubwa, hatukatai. Ile nyingine ina mtoto ndani yake.

MAOMBI

La kwanza, nafasi ya Vibeke itangazwe. Video zibaki, zina faida yake, mtu akiugua au akiwa na mtoto mgonjwa anaweza kujifunza nyumbani. Ila zisibaki peke yake.

La pili, mwalimu yeyote asiketi kwenye kitambaa cha kijani kwa mara ya kwanza bila mtu mzoefu kuwa ukutani.

La tatu ni la leo. Kanuni inakiruhusu kitivo kumwacha mtahini mtarajiwa abaki chumbani wakati wa kukubaliana alama, ili ajifunze. Jeppe ni mtahini mtarajiwa. Si mzoefu, na famasia kwake ni giza, lakini ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Februari, na alama ile nne anaitembeza kifuani mpaka leo. Tunaomba umruhusu abaki. Ni neno moja tu, na unaweza kulisema kabla kahawa yako haijapoa.

La nne

Mgeni rasmi, msomaji anasimama hapa kidogo. Umesema ombi la tatu ni zuri na utalipeleka kwenye kamati, na sasa tumalize kusoma kwanza. Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Lakini kamati inakaa Alhamisi, na saa ya ukutani nyuma yako inakaribia saa saba kasorobo.

Tyra amesimama. Simu yake ameiacha mezani, hakupiga. Anasema, "Naenda. Jeppe, wewe unakuja au umeganda?"

Jeppe anasema anakuja. Anasema ataketi ukutani kama msikilizaji, kijana akikubali, na wakimwambia atoke wakati wa alama atatoka, na akiruhusiwa na mkuu wake atabaki. Anakutazama wewe anaposema hivyo, mgeni rasmi. Sote tunakutazama.

Umesema, "Abaki. Nitaiandika mwenyewe."

Tumekusikia, na limeandikwa hapa pembeni kwa kalamu, mbele ya wote.

Bado korido. Tyra anauliza nani anakwenda korido, kwa sababu kutoka huko ndani hawezi kujua, na Jeppe akiwa ukutani hawezi kutoka. Hakuna aliyetumwa na hakuna anayelipwa kwa hilo. Basi msomaji wa risala hii ndiye anayekwenda. Atakwenda sasa hivi, kabla matokeo hayajajulikana kwa yeyote, yawe mazuri au mabaya, amwombe bibi aje jikoni kwetu na kiti chake, na wengine wote na keki yao. Wakihitaji kushangilia watashangilia kutoka jikoni, si mbali. Wakihitaji kukaa kimya, mlango wa jikoni unafungika.

Kwa hiyo ombi la nne halitasomwa leo. Lilikuwa la viti vipya.

Tunakutakia safari njema ya kurudi ofisini, afya wewe na wa nyumbani kwako, na usingizi mzuri kuliko tulioupata sisi wiki hii. Mungu awakalie karibu wote watakaoingia na kutoka katika vyumba hivi mchana wa leo. Kaa, kunywa kahawa yako. Sisi tunatoka, Tyra na Jeppe mbele, nasi nyuma yao, na risala tunakuachia mezani.

Ni sisi,
Walimu Wapya, Kundi la Mwisho la Mafunzo ya Ufundishaji.